Safari Zangu kwa Gari-Nyumba

(Hotuba iliyosomwa bwaloni, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya maisha ya Marekani. Nimemwomba ruhusa niipunguze mada hiyo, kwa sababu maisha ya Marekani mmekwisha kuyasikia kwa kila anayerudi amevaa suti, nami suti yenyewe sikuja nayo. Nitaeleza jambo moja ninalolijua vizuri: jinsi mtu asiyeweza kutembea anavyosafiri mwendo mrefu ndani ya gari ambalo pia ni nyumba yake.

Asubuhi ya leo mmeniona nikiingia humu. Ngazi za bwalo hili ni nane. Nilipokuwa mwanafunzi sikupata kuzihesabu. Nilizipanda mbili mbili kengele ya uji ikilia. Leo vijana wanne wa kidato cha tatu wamenibeba pamoja na kiti changu mpaka hapa mbele. Wamefanya kwa adabu na kwa uangalifu, hawakunigonga popote, nami nawashukuru. Lakini naomba mlikumbuke jambo hili la kubebwa, maana nitalirudia.

Wenzangu tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1981 wananikumbuka kama kijana wa mchakamchaka, tena mbele ya mstari. Nilikwenda Marekani kusoma mwaka 1988, nikapata kazi, nikaoa, nikabaki huko katika jimbo la Minnesota, mahali penye baridi kali. Mwezi wa Januari 2003 gari langu liliteleza juu ya barafu likaenda kugonga nguzo. Uti wa mgongo uliumia chini kidogo ya mbavu. Tangu siku ile, kuanzia kitovuni kwenda chini sina nguvu na wala sihisi kitu. Nikikanyagwa mguu sijui. Nikikaa juu ya kaa la moto sijui. Naomba mlitie akilini hili la kutohisi, kwa sababu ndilo lililoniponza baadaye.

Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya ajali sikusafiri. Nilikuwa nyumbani na kazini, kazini na nyumbani. Watu wengi walidhani naogopa barabara, lakini barabara sikuiogopa hata kidogo. Nilichokiogopa ni kubebwa. Nilijaribu ndege mara mbili. Kiti chako unanyang'anywa mlangoni, kinapelekwa chini kwenye mizigo, nawe unafungwa mikanda juu ya kijikiti chembamba na kupitishwa katikati ya abiria kama gunia la chumvi. Choo cha ndege ndogo hakiingiliki kabisa. Kwa hiyo mlemavu mwenye akili haanzi safari siku ya safari. Anaanza jana yake kwa kuacha kunywa maji, akifika figo zinamlaumu. Mara ya pili kiti changu kilitolewa kwenye mizigo kimepinda gurudumu. Kampuni nisiitaje. Siku tatu nililala hotelini nikitazama dari, nikaapa kwamba basi, inatosha.

Sasa niwaambie kilichonitoa.

Wa rika langu mnamjua mwenzetu aliyekuwa akilala kitanda cha juu, mimi nikilala cha chini, kwa miaka minne. Familia yake haikuniruhusu nitaje jina lake gazetini, kwa hiyo nitamwita Wa Kitanda cha Juu. Ndiye aliyekuwa akigawa sabuni ya mche kwa uzi wa kushonea wakati ule sabuni ilipokuwa haba, na vipande vikalingana kama vimepimwa kwa mizani. Naye alihamia Marekani, akakaa Tucson, katika jimbo la Arizona, jangwani kabisa. Mwaka 2016 alinipigia simu akasema figo zake zimekwisha, anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne nne kila mara. Akaniuliza, "Bwana, wewe huji kunitazama?" Nikamwambia nitakuja. Nilipoweka simu chini, mama watoto akaniuliza, "Utaendaje?"

Kutoka kwetu mpaka Tucson kwa barabara ni karibu kilomita 2,700. Ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba na kurudi.

Tulinunua gari-nyumba kuukuu, muundo wa 2006. Kwa wasiolijua: chukua lori dogo la Ford, ondoa bodi ya nyuma, jenga hapo chumba chenye kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na bafu. Langu lina urefu wa mita tisa na upana wa mita mbili na nusu. Juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda kingine, kama rafu. Chini kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuoshea, na la choo. Ukifika kambi ya magari haya unaunganisha waya wa umeme, mpira wa maji, na bomba la kumwagia maji machafu. Usipofika kambini, una betri, jenereta na mtungi wa gesi, unalala popote panaporuhusiwa.

Kwangu mimi ilibidi lipasuliwe. Mlango wa ubavuni ulipanuliwa, ikafungwa lifti: bamba la chuma linaloshuka mpaka chini, unaingia na kiti, unabonyeza kitufe, linakupandisha. Linaweza kubeba kilo 360, kwa hiyo hata nikila sana halilalamiki. Bafu liliondolewa kizingiti. Kitanda kilishushwa kikawa sawa na kimo cha kiti changu, ili nijivute mwenyewe. Kiti cha dereva kinazunguka na kurudi nyuma kwa umeme. Nahamia hapo, kinanipeleka mbele ya usukani. Chini ya usukani kushoto kuna mkono wa chuma. Ukiusukuma mbele, breki. Ukiuvuta kwa chini kuelekea pajani, mafuta. Mkono wa kulia unashika usukani kwa kirungu kidogo cha mviringo. Miguu inakaa tu, abiria wasiolipa nauli. Nilifundishwa na kutahiniwa upya, na leseni yangu inasema siruhusiwi kuendesha gari lisilo na chombo hicho.

Gari na matengenezo yake vilimeza akiba yetu yote, na mlango mpya wa jikoni ambao mama watoto aliahidiwa tangu 2009 haukununuliwa tena. Nataja hili kwa sababu watu hurudi kutoka ng'ambo wakaeleza vitu bila bei.

Lakini nisikilizeni. Siku ya kwanza nilipoingia humo kwa lifti, nikajifungia mlango, nikaenda chooni mwenyewe, nikajipikia chai mwenyewe, gari likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba yangu bila kwenda popote, nilikaa mle saa tatu. Mama watoto alikuja kugonga akidhani nimeanguka. Kwa mwenye miguu, safari ni suala la barabara na nauli. Kwa mtu wa kiti, safari ni suala la choo na kitanda. Vijana mnisamehe kwa kutaja choo mara nyingi, lakini ndiyo mada yenyewe. Natoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa nne hadi sita, mahali safi, nikiwa nimejilaza au nimekaa vizuri. Popote ambapo sina uhakika wa jambo hilo, siwezi kwenda. Kwenye gari-nyumba, choo kinakwenda nami. Hiyo ndiyo sababu ya mambo yote.

Tuliondoka mwishoni mwa Septemba 2016, kabla ya theluji, mimi dereva, mama watoto utingo. Alikuwa ameomba likizo ya wiki mbili. Siku ya kwanza tulishuka kusini kupita Iowa mpaka Kansas City, kilomita 700. Siku ya pili tulipita Wichita tukaishika barabara ya 54, inayokata tambarare za Kansas na ncha ya Oklahoma, mpaka Dalhart katika Texas, kilomita 840 hivi. Nchi ile ni ngano na upepo. Gari lenye ubavu wa nyumba hupigwa na upepo kama tanga la jahazi. Lori kubwa likikupita linakuvuta kwanza kisha linakusukuma. Mikono iliniuma, na furaha ilinizidi akili. Nilikuwa naendesha! Miaka kumi na mitatu nilikuwa mzigo, sasa mimi ndiye ninayewapeleka watu. Mama watoto alisema tupumzike, nikasema twende kidogo. Alisema tena, nikasema mwenzetu anasubiri.

Pale Dalhart, jioni, tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Nikashuka kwa lifti kulikagua tairi. Wakati wa kupanda, lifti ikafika nusu ikakata. Nikabaki hewani, kimo cha mita moja, upepo ukinipiga, watu wakitia petroli na kunitazama kama sanamu la mkutano. Dereva mmoja wa lori alikuja na mwenzake wakataka kuninyanyua. Nikakataa. Lifti hizi zina pampu ya mkono kwa ajili ya dharura kama hiyo. Mama watoto alifungua kifuniko, akatia mpini, akapiga pampu mpaka nikafika juu. Kosa lilikuwa betri ya nyumba, ilikuwa kuukuu na sikuibadilisha. Yule dereva wa lori alisimama muda wote mkono wake ukiwa chini ya bamba, kama kwamba angeweza kunidaka, na wala hakunigusa. Sijamsahau.

Siku ya tatu ndiyo ya msiba. Kutoka Tucumcari katika New Mexico barabara inapanda polepole kwenye nyanda za juu. Hata huoni kwamba unapanda. Pale Clines Corners uko mita zipatazo 2,150 juu ya usawa wa bahari. Kwetu Minnesota ni kama mita 250.

Sasa naomba wanafunzi wa fizikia mnyanyue vichwa. Nakalia mto maalumu, una vifuko vya mpira vilivyojaa hewa, ili mifupa ya kukalia izame na uzito usambae. Mto huo hutiwa hewa kwa kipimo: ukizidisha, unakuwa mgumu, nawe unakaa juu yake kama juu ya mawe mawili. Robert Boyle alitangaza mwaka 1662 kwamba hewa iliyofungwa, kama joto halibadiliki, hutanuka kadiri kanieneo inavyopungua. Nilifundishwa kanuni hiyo katika jengo lile pale, na katika mtihani wa muhula nilipata alama ambayo mwalimu aliisoma kwa sauti. Kutoka mita 250 kwenda mita 2,150 kanieneo ya hewa inapungua karibu moja ya tano. Mto wangu ukavimba. Nami sihisi kitu. Nikaendesha juu ya mawe mawili nikipiga miluzi.

Mwenye hisia hujigeuza kitini bila kujua kwamba amejigeuza. Sisi tunafundishwa hospitalini kujiinua au kuinama mbele dakika moja au mbili, kila baada ya robo saa au nusu saa, damu ipite kwenye nyama iliyobanwa. Dereva mwenye mikono yote miwili kazini hawezi kujiinua. Dawa yake ni kusimama pembeni mara kwa mara. Mimi kwa siku tatu nilisimama tu kwa mafuta na mkojo.

Jioni ile, Albuquerque, mama watoto alinitazama wakati wa kulala kama atazamavyo kila siku. Akanyamaza. Alipiga picha kwa simu akanionyesha. Kulikuwa na doa jeusi ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, upande wa kushoto, na pembeni nyekundu. Nilisema, "Ni kidogo." Akasema, "Kilicho nje ndicho kidogo." Alikuwa sahihi. Vidonda vya namna hii huanzia ndani, karibu na mfupa, na ngozi ndiyo ya mwisho kupewa habari. Hospitalini walikata nyama iliyokufa, wakaacha shimo ambalo limao lingeingia.

Tulikuwa tumebakiza kilomita 700 na kitu kufika Tucson.

Daktari alitaka nirudishwe kwetu kwa ndege ya wagonjwa. Nilikataa, si kwa ushujaa; sikuwa na fedha hizo wala moyo wa kubebwa. Baada ya hospitali tuliliegesha gari-nyumba kwenye kambi moja nje ya mji, nikalala humo kifudifudi wiki kumi na moja. Muuguzi alikuja mara tatu kwa wiki kusafisha. Likizo ya mama watoto ilikwisha, akarudi kazini kwa ndege, na mtoto wetu wa pili akaahirisha muhula wa chuo akaja kukaa nami. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mimi ndiye niliyekuwa nikioshwa na yeye. Mnajua mila zetu kuhusu mtoto wa kiume na mwili wa baba yake. Siku ya kwanza sikumtazama usoni. Naye alikuwa na busara, aliwasha redio ya mpira wa kikapu akawa anatoa maoni juu ya mchezo huku akifanya kazi, mpaka nikajikuta nabishana naye.

Wa Kitanda cha Juu alinipigia simu kila jioni aliyotoka kwenye mashine. Alikuwa amechoka mno, lakini alicheka. "Sasa wewe umelala kifudifudi na mimi chali," alisema. "Shuleni ilikuwa hivyo hivyo." Mara mbili hakupiga, na nikalala macho wazi. Nilikuwa nimeharakisha ili nisimkose, na haraka yenyewe ndiyo iliyonifunga. Kuna jioni nilihesabu: kama ningekwenda kwa kilomita 200 kwa siku, ningekuwa nimekaa kwake siku nyingi, na hela za muuguzi zingekuwa mfukoni.

Katikati ya Desemba daktari aliniruhusu. Kijana aliendesha saa moja, mimi saa moja, kisha nalala. Kabla ya kila mlima na baada yake tulisimama kupima mto: unatia mkono chini ya mfupa, pabaki nafasi ya kama unene wa kidole. Ukipanda unapunguza hewa kidogo, ukishuka unaongeza. Tulifuata mto Rio Grande kwenda kusini, Socorro, Hatch, kisha tukageukia magharibi, Deming, Lordsburg, Willcox. Siku nne. Wazee wa magari haya wana kanuni ya tatu tatu tatu: maili zisizozidi 300 kwa siku, kuegesha kabla ya saa tisa alasiri, kukaa siku tatu kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimeicheka. Sasa maili zangu ni 150.

Tulipofika kwake, nyumba yake ilikuwa na ngazi tatu na mlango mwembamba. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo, hata mimi mwenyewe. Watoto wake wakaja mbio kunibeba. Yeye akawazuia kwa mkono kutoka barazani, akashuka polepole na fimbo, akapanda kwenye bamba la lifti, nikabonyeza kitufe, akaingia ndani kwangu. Akatazama kile kitanda cha juu ya dereva, akatazama kile cha chini, akasema, "Safari hii nipe cha chini, ndugu yangu." Kila siku isiyo ya mashine alikuja akalala mchana humo, nami nikakaa kando kwenye kiti. Tulikaa pale wiki tano.

Siku moja tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, mashariki ya mji. Mtu mwenye ulemavu wa kudumu aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani anapewa kadi ya bure, ya maisha yote, ya kuingia hifadhi za taifa pamoja na waliomo garini mwake. Mle kuna njia ya lami ya kama mita 400 kati ya ile miti ya miiba yenye mikono, inayofika kimo cha mita 12 na zaidi, na ambayo mkono wa kwanza huweza kuchukua miaka 50 au 70 kuchomoza. Yeye alisukuma kiti changu ingawa sihitaji kusukumwa. Alikuwa anakitumia kama fimbo ya kuegemea. Watu waliotupita walidhani ananisaidia.

Alifariki mwaka 2018. Nilikwenda kumtazama mara moja tena kabla ya hapo, 2017, kwa siku kumi na mbili za njiani.

Msidhani nasifu nchi ya watu. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi tarehe 26 Julai 1990, haikuletwa na huruma. Mwezi Aprili 1977 walemavu waliteka ofisi ya serikali mjini San Francisco wakakaa humo zaidi ya wiki tatu. Mwezi Machi 1990 makumi ya watu waliacha viti na magongo chini ya ngazi za Bunge mjini Washington, wakazipanda kwa kutambaa kwa mikono, mmoja wao mtoto wa miaka minane. Na hata baada ya sheria, nimefika kambi zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa viti nikakuta kokoto tupu, gurudumu linazama kama kwenye mchanga wa pwani. Nimeegesha vizuri, nikaacha nafasi ya lifti kushuka, nikarudi na kukuta mtu ameingiza gari lake hapo hapo, nikakaa nje juani saa mbili nikimsubiri amalize kununua vitu. Jua kwetu sisi si jambo dogo, sehemu isiyohisi haitoi jasho ipasavyo.

Najua kuna anayejiuliza hapo nyuma: sisi gari-nyumba tutalitoa wapi? Swali zuri. Nimekuja hapa kutoka Dar es Salaam kwa Hiace ya kukodi. Tulimlipa dereva tukang'oa viti vya safu mbili, tukaweka godoro, ndoo yenye kifuniko, dumu mbili za maji, na khanga mbili za mama watoto zikawa mapazia. Fundi wa Kariakoo alinitengenezea mbao mbili zenye kingo, ndizo ngazi yangu. Dereva alidhani nimerukwa na akili nilipomwambia asimame chini ya Kitonga na tena juu yake. Nilikuwa napunguza hewa ya mto. Kutoka usawa wa bahari mpaka Iringa ni zaidi ya mita 1,500, na Boyle anafanya kazi Kitonga kama alivyofanya New Mexico. Tulitumia siku tatu kwa safari ambayo basi linaifanya mchana mmoja. Nimefika mzima, jana usiku nilikaguliwa.

Namaliza na zile ngazi nane. Mwalimu wa zamu ameniambia kwamba mwaka huu shule ina mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza anayetembea kwa magongo, na kwamba chakula chake hupelekewa bwenini na wenzake. Wenzake ni watu wema. Sikumwuliza yeye mwenyewe, lakini nilimwona akiwa amekaa chini ya mwembe wakati ninyi nyote mkiwa humu.

Nimempa kijana mmoja wa hesabu utepe wa kupimia kabla ya ibada. Kila ngazi ina sentimeta 15, kwa hiyo kimo chote ni sentimeta 120. Mteremko unaomfaa mtu wa kiti ni moja kwa kumi na mbili, yaani mita 14 na sentimeta 40. Kimo hicho ni kikubwa, hakipandwi kwa mkupuo mmoja. Katikati lazima pawe na kituo bapa cha mita moja na nusu cha kupumzikia. Jumla inafika karibu mita 16. Kutoka mlango wa pembeni wa bwalo mpaka kwenye shina la mwembe ni mita 19. Inaenea, na mwembe haukatwi. Sisi wa 1981 tuliokuja leo tumekaa jana usiku tukaandika majina na kiasi cha kila mmoja, na karatasi iko kwa Mweka Hazina. Saruji na nondo zimepatikana. Mchanga na kokoto bado, na fundi anataka vijana kumi na wawili wa kuchimba msingi Jumamosi ijayo. Mimi nitakuwapo mpaka Jumapili. Hiace imeegeshwa nyuma ya jiko, anayetaka kuiona aje, mbao ziko mlangoni.